Gesi inayotumbukia kwenye mashimo meusi, eksirei na chembe zenye nishati kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameletwa na wanafunzi wa sekondari, walimu, na watu wazima wanaonisimamisha baada ya kutazama nyota pamoja. Nimeyaacha karibu na maneno yao. Lile linaloulizwa kuliko yote limetangulia. Mengine yanafuatana kadiri moja linavyozaa jingine.

Mnasema hata nuru haiwezi kutoka ndani ya shimo jeusi. Sasa hiyo eksirei inatoka wapi?

Inatoka nje ya shimo. Shimo lenyewe tuliache na giza lake. Kinachong'aa ni gesi iliyo njiani kuingia na ambayo bado haijavuka mpaka. Mpaka huo si ukuta wala ngozi. Ni umbali fulani kutoka katikati, na ukishaupita hakuna kasi itakayokurudisha. Kwa shimo lisilozunguka lenye masi (wingi wa maada) sawa na ya Jua, mpaka upo kilomita 3 kutoka katikati, na unakua sawasawa na masi: masi ya majua kumi, kilomita 30. Yaani majua kumi yamesongamana kwenye nafasi inayotosha jiji moja na viunga vyake.

Nazi ikidondoka kutoka mnazini inashuka ikiongeza kasi, na ikigonga mchanga kasi ile inageuka kishindo na joto kidogo sana. Gesi inayoangukia shimo jeusi inadondoka kutoka mnazi mrefu ajabu, chini ya mvutano mkali ajabu, na ikikaribia mpaka inakimbia kwa sehemu kubwa ya kasi ya nuru. Huko hakuna mchanga wa kugonga, lakini kuna gesi nyingine. Gesi inasuguana na gesi, kasi inageuka joto, na joto linatoka kama eksirei. Kila tunachokisoma, basi, ni habari za gesi kabla haijapotea.

Kwani hiyo siyo mionzi ya Hawking?

Siyo. Mionzi aliyoitabiri mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking mwaka 1974 ni ya shimo lenyewe, na kwa shimo lenye masi ya nyota ni hafifu mno: joto lake halifiki hata sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Haijawahi kupimwa angani. Eksirei tunazozungumzia hapa ni za gesi, na zimepimwa kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kwa nini gesi isianguke moja kwa moja, ikaingia kimyakimya?

Kwa sababu haiji wima. Gesi yoyote inayotoka mbali huwa na mzunguko wake, hata mdogo. Funga ndoo ya maji kwa kamba, uizungushe, kisha uvute kamba ifupike: ndoo inazidi kwenda mbio. Gesi nayo ni hivyo hivyo. Ikivutwa karibu inazunguka kwa kasi zaidi, mpaka mwendo huo unaizuia kuanguka. Matokeo yake inajilaza kuwa sahani pana na nyembamba inayolizunguka shimo, na haisogei ndani mpaka impe jirani wa nje sehemu ya mzunguko wake.

Kumpa vipi? Hapo wataalamu walikwama kwa muda mrefu. Mwaka 1973 Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev, wakiwa Moscow, walichapisha hesabu za sahani hiyo ambazo mpaka leo ndizo msingi wa somo. Chanzo cha msuguano hawakukijua, na walilikubali hilo kwa uungwana: wakaufungia msuguano wote ndani ya herufi moja ya Kigiriki, alfa, wakaendelea na hesabu. Mimi naipenda sana herufi ile. Ni sawa na fundi anayekuambia, "hapa pana kitu, nitakuja kukifungua baadaye, lakini nyumba itasimama."

Aliyekifungua hakuwa mmoja. Mwaka 1991 Steven Balbus na John Hawley walionyesha kwamba uga wa sumaku, hata ukiwa dhaifu, unatosha. Fikiria mpira wa manati ulioshikwa na watu wawili wanaokimbia kwenye njia mbili za uwanja wa riadha, wa ndani akienda kasi kuliko wa nje. Mpira unavutika. Unamvuta nyuma wa ndani, unamsukuma mbele wa nje. Wa ndani akipunguzwa mwendo anaporomoka kuelekea katikati. Wa nje anasogezwa mbali. Mistari ya sumaku ndani ya gesi hufanya kazi ya mpira huo, na sahani nzima inachafuka na kuanza kusuguana.

Kwa nini itoke eksirei na si nuru ya kawaida?

Mwulize mhunzi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kikizidi kinakuwa cha machungwa, kikizidi tena kinaelekea weupe. Rangi inafuata joto. Uso wa Jua una digrii karibu 5,500, ndiyo maana nuru yake ni ile macho yetu yaliyoizoea. Sahani ya gesi karibu na shimo lenye masi ya majua kumi hivi inafikia digrii milioni kadhaa, hata milioni 10. Kwenye joto hilo rangi imepita buluu, imepita urujuanimno, imefika kwenye eksirei.

Wataalamu hupima nishati ya miale hii kwa elektronivolti. Fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, ya nuru ya kuonekana ina elektronivolti 2 au 3. Fotoni ya sahani yenye digrii milioni 10 ina elfu moja na zaidi. Zile za mashine ya hospitali zina makumi ya maelfu. Shikilia namba hizi, maana mbele tutafika kwenye trilioni.

Basi mashimo makubwa zaidi yana sahani za moto zaidi?

Kinyume chake, na hapa karibu kila mtu hukosea, hata mimi mara ya kwanza. Shimo likikua, uwezo wake wa kutoa mwanga unakua sawa na masi, lakini eneo la sahani linakua kwa kipeo cha pili cha masi. Moto unatandazwa kwenye mkeka mpana zaidi. Kwa hiyo mashimo yenye masi ya mamilioni ya majua, yale ya katikati ya galaksi, yana sahani za digrii laki moja hivi ambazo hung'aa zaidi kwenye urujuanimno. Hata hivyo nayo hutoa eksirei nyingi, kutoka sehemu nyingine kabisa.

Sehemu gani hiyo?

Inaitwa korona. Jina limetoka kwenye tabaka la nje la Jua, linaloonekana kama taji wakati wa kupatwa. Ugonjwa ulilichukua baadaye. Ni wingu jembamba la gesi karibu kabisa na shimo, lenye joto la digrii karibu bilioni moja. Huko atomu zimevunjika, elektroni ziko huru na zinakwenda mbio mno. Fotoni dhaifu ikitoka kwenye sahani na kupita humo inagongwa na elektroni, inapewa nishati, inagongwa tena. Ni kama gololi tulivu iliyoingia katikati ya gololi zinazokimbia: ikitoka, inatoka nayo inakimbia. Fotoni iliyoingia na elektronivolti chache inaweza kutoka na laki moja.

Umbo la korona lilibishaniwa miaka mingi. Wengine waliiona kama taa iliyoning'inia juu ya shimo, wengine kama blanketi juu ya sahani. Desemba 2021 ilirushwa setilaiti IXPE, ya Marekani na Italia, inayoweza kupima mtetemo wa mawimbi ya eksirei umelalia upande gani. Mwaka 2022 ilikitazama chanzo kiitwacho Cygnus X-1 na kukuta asilimia 4 hivi ya mlalo huo, ikielekea sambamba na mikondo ya gesi inayofoka kutoka hapo. Maana yake, kwenye chanzo hicho korona imetandaa pamoja na sahani. Blanketi limeshinda, angalau kwa Cygnus X-1.

Nguvu yote hiyo inazidi ya nyuklia?

Inazidi kwa mbali. Jua linapogeuza haidrojeni kuwa heli, asilimia 0.7 tu ya masi inageuka nishati. Gesi inayoangukia shimo lisilozunguka inatoa asilimia 6 hivi kabla ya kupotea, na shimo likizunguka kwa kasi ya juu kabisa linaweza kufikisha asilimia 42. Tuchukue asilimia 10 kuwa kadirio la katikati. Gramu moja ya gesi, uzito wa kibonge kidogo cha sukari, ingetoa umeme wa yuniti milioni 2.5.

Lakini kuna kikomo. Mwanga nao unasukuma. Ukizidi, unaipeperusha gesi inayokuja na shimo linajinyima chakula. Kwa shimo la majua kumi kikomo hicho ni mwanga wa Jua mara 300,000 na ushee. Vipo vyanzo vinavyoonekana kukipita, kwa hiyo usikichukue kama sheria ya Musa.

Ni kweli mambo haya yaligunduliwa kwa chombo kilichorushwa Kenya?

Ni kweli, na jina lake ni la Kiswahili.

Tuanze nyuma kidogo. Eksirei kutoka angani hazifiki chini kwa sababu hewa inazimeza. Ili kuziona lazima upande juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi na wenzake kilirusha roketi ndogo kutoka White Sands, jimbo la New Mexico, ikakaa juu dakika chache tu na kukuta chanzo kikali ambacho baadaye kiliitwa Scorpius X-1. Mwaka 1964 roketi nyingine ikakiona Cygnus X-1. Lakini dakika chache ni sawa na kuchungulia bahari kupitia tundu la ufunguo. Ilitakiwa setilaiti itakayokaa juu miaka.

Setilaiti hiyo ya kwanza ya somo hili ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi aina ya Scout na setilaiti yenyewe vilikuwa vya Wamarekani. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowakaribisha.

Kwa nini pwani yetu? Karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure. Sababu ya pili ni muhimu zaidi kwa eksirei. Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna mahali ambapo chembe zilizonaswa na usumaku wa Dunia hushuka chini sana na kuvichafua vipimo. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inapakwepa kwa kiasi kikubwa. Kifaa chenye kilo 140 hivi kisingekuwa na nafasi ya kubeba kinga nzito.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne na ya mwisho ina vyanzo 339, na mpaka leo vyanzo hivyo huitwa kwa 4U, yaani Uhuru orodha ya nne. Kuna shimo jeusi linalodhaniwa kuwapo kwenye chanzo 4U 1630-47; kila mtaalamu anayeliandika, awe Tokyo au Boston, anaandika U ya neno letu, hata kama hajui. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Na Cygnus X-1? Uhuru ilikuta kwamba mwanga wake unapepesa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hilo ni jambo zito. Kitu hakiwezi kuwaka na kufifia kwa pamoja haraka kuliko muda ambao nuru inahitaji kukipita toka upande huu hadi ule. Kikipepesa kwa moja ya kumi ya sekunde, hakizidi kilomita 30,000 upana. Jua lina kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo hapo palikuwa na kitu kidogo chenye nguvu ya kutisha. Mwaka 1971 mahali pake palipatikana barabara kwa msaada wa mawimbi ya redio, na palikuwa na nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, wakaonyesha kila upande kwa kazi yake kwamba nyota hiyo inazungushwa na mwenzi asiyeonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Upepo wa gesi unaotoka kwenye nyota ndio chakula cha mwenzi huyo. Vipimo vya mwaka 2021 vinampa masi ya majua 21, umbali wa miaka ya nuru 7,200.

Mlijuaje kuwa ni shimo jeusi na si nyota ya nyutroni?

Kwa mizani kwanza. Nyota ya nyutroni, yaani masalio yaliyosongamana mno ya nyota iliyokufa, haiwezi kuzidi masi ya majua 3 hivi, ikizidi inajibomokea. Nyota ya nyutroni pia ina uso, na uso hauwezi kujificha: gesi ikirundikana juu yake hulipuka kwa vipindi, au sumaku yake hupiga mapigo ya saa. Chanzo kingine kilichoonwa na Uhuru, Centaurus X-3, kinapiga kila sekunde 4.8, hicho ni nyota ya nyutroni bila ubishi. Cygnus X-1 haina mapigo wala milipuko ya aina hiyo.

Hata hivyo wenye mashaka walikuwapo, akiwemo Hawking, aliyewekeana dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990. Alisema dau lile lilikuwa bima yake: kama mashimo meusi yasingekuwapo, angalau angepata jarida la bure.

Ushahidi safi zaidi wa wakati ule ulitoka kwenye jukwaa lile lile la San Marco. Oktoba 1974 ilirushwa hapo setilaiti ya Waingereza, Ariel 5. Agosti 1975 ikakiona chanzo kipya, A0620-00, kikawaka mpaka kikawa king'aavu kuliko vyote vya eksirei angani nje ya Jua, kisha kikafifia kwa miezi. Kilipotulia, mwenzi wake mdogo akaonekana na kupimwa mwendo. Mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard wakaonyesha kuwa kitu kisichoonekana kina zaidi ya masi ya majua 3.

Shimo jeusi linazunguka? Mtu ataliona vipi likizunguka wakati halionekani?

Kwa chuma. Eksirei za korona zinaimulika sahani, na atomu za chuma zilizomo zinajibu kwa nishati moja maalumu, elektronivolti 6,400. Kwenye grafu ya nishati ungetegemea mstari mmoja mwembamba. Lakini gesi inayokuja upande wetu inaupandisha mstari na inayokwenda mbali inaushusha, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita. Na mvutano mkali karibu na shimo unaushusha zaidi. Mstari unavutika na kuwa na mkia mrefu upande wa nishati ndogo. Mwaka 1995 setilaiti ya Kijapani ASCA iliuona mkia huo kwenye galaksi MCG-6-30-15.

Shimo likizunguka kwa kasi, sahani inaweza kusogea karibu zaidi kabla ya kuporomoka, na mkia unarefuka. Kwa hiyo urefu wa mkia ni kipimo cha mzunguko. Kipimo hiki kina wapinzani wake, maana hutegemea umbo la korona, lakini ni cha werevu mno.

Na hizo chembe zenye nishati kubwa zinaingiaje kwenye habari hii?

Hapa ndipo penye mambo mapya ya miaka ya karibuni. Sahani inatoa maelfu ya elektronivolti, korona laki kadhaa. Joto haliwezi kufika mbali zaidi ya hapo. Lakini darubini za ardhini zimenasa miale ya gama, yenye nishati kuliko eksirei, ya matrilioni kutoka kwenye mifumo hii. Kitu kingine kinazisukuma chembe moja moja, nje ya utaratibu wa joto.

Sehemu ya gesi haiingii shimoni. Inakusanywa na mistari ya sumaku na kufoka kwa mikondo miwili, juu na chini ya sahani, kwa kasi inayokaribia ya nuru. Roger Blandford na Roman Znajek walionyesha mwaka 1977 kwamba shimo linalozunguka linaweza kuisokota sumaku na kutoa nishati ya mzunguko wake lenyewe. Mkondo ukigonga gesi iliyo mbele yake linatokea wimbi la mshtuko, na chembe ikinaswa pale inarushwa huku na huko kama mpira wa meza kati ya vibao viwili vinavyosogeleana. Kila mgongano unaongeza nishati. Njia nyingine ni mistari ya sumaku kukatika na kuunganika upya, kama inavyotokea kwenye Jua.

Mfano mzuri ni SS 433, mfumo unaoaminiwa kuwa na shimo jeusi, wenye mikondo inayokwenda kwa asilimia 26 ya kasi ya nuru. Darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, kwenye nyanda za Khomas, zilifuatilia miale yake ya gama, na mwaka 2024 zikaonyesha kwamba ile mikali zaidi haitoki karibu na shimo bali makumi ya miaka ya nuru kutoka hapo, mahali mkondo unapogonga na kupata mshtuko. Mwaka huo huo kituo cha HAWC, matangi ya maji juu ya mlima huko Mexico, kikatangaza miale inayopita elektronivolti trilioni 200 kutoka kwenye mfumo V4641 Sagittarii.

Swali gumu ni hili: chembe zinazosukumwa ni elektroni au protoni? Zote mbili zinaweza kutoa gama. Shahidi asiyedanganya ni neutrino, kwa sababu huzaliwa protoni zinapogonga gesi au mwanga, na elektroni peke yake hazizizalishi. Neutrino haina chaji, karibu haigusi kitu, inapita kwenye sayari kama upepo kwenye wavu. Kuinasa kunahitaji mtego mkubwa: IceCube, kilomita ya ujazo ya barafu kwenye Ncha ya Kusini yenye vihisio 5,160. Tarehe 22 Septemba 2017 ilinasa neutrino ya elektronivolti trilioni 290 hivi kutoka upande wa galaksi TXS 0506+056, ambayo mkondo wake umeelekezwa kwetu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja Novemba 2022. IceCube ilitangaza neutrino 79 hivi za ziada kutoka galaksi NGC 1068, umbali wa miaka ya nuru milioni 47. Neutrino zinapozaliwa, gama za nishati kama hiyo huzaliwa pamoja nazo. Lakini upande ule gama hizo hazikuonekana. Zimekwenda wapi? Jibu linaloaminika ni kwamba zilizaliwa ndani ya msitu mzito wa eksirei: gama ikigongana na eksirei, zote mbili hutoweka na kuacha elektroni na pozitroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Na msitu wa namna hiyo upo mahali pamoja tu: kwenye korona. Gama zimemezwa, neutrino zimepenya. Kwa hiyo korona, tuliyoidhania kuwa wingu la elektroni tu, huenda ni kinu cha kusukuma protoni pia.

Je, picha ya shimo jeusi ya mwaka 2019 ni ya eksirei?

Hapana, ni ya mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 1.3. Pete ile ya rangi ya machungwa ni mwanga wa elektroni zinazojisokota kwenye sumaku karibu na shimo la galaksi M87, na rangi yenyewe ilichaguliwa na binadamu.

Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi. Mbona halituunguzi?

Lina njaa. Shimo hilo, liitwalo Sagittarius A*, lina masi ya majua milioni 4.3 lakini gesi inayolifikia ni kidogo na nyembamba, na sehemu kubwa inapeperushwa kabla ya kuingia. Mwaka 2000 setilaiti Chandra iliuona mlipuko mfupi wa eksirei kutoka hapo, na mingine imeonekana tangu wakati huo, lakini ni midogo kwa shimo la ukubwa huo. Halikuwa hivi siku zote. Mawingu ya gesi yaliyo jirani bado yanarudisha mwangwi wa eksirei za zamani. IXPE imeonyesha kuwa miaka 200 hivi kabla ya tunachokiona leo, shimo hilo liling'aa zaidi sana kwa muda mfupi.

Eksirei hizo zinatudhuru?

Hapana. Hewa inazizuia zote, na umbali ulikwisha kuzipunguza kabla hazijaifikia hewa. Picha moja ya kifua hospitalini inakupa zaidi.

Naweza kuona lolote kwa macho yangu?

Kwa macho matupu, hapana. Kwa darubini ndogo, ndiyo, ingawa si shimo. Kati ya Agosti na Oktoba, saa tatu usiku, tazama kaskazini. Kundinyota la Cygnus, kwa Kiswahili Dajaja, litakuwa limepanda vizuri. Kwa Kiarabu jina hilo ni kuku. Wazungu wanaona batamaji mwenye shingo ndefu. Fuata shingo mpaka kwenye nyota Eta Cygni, ya katikati ya shingo, inayoonekana bila kifaa. Pembeni yake, umbali unaopungua upana wa Mwezi, kuna nyota hafifu yenye ukubwa (kipimo cha mwangaza wa nyota) wa 8.9. Hiyo ndiyo HDE 226868. Darubini ya milimita 70 inatosha ukiwa mbali na taa za mji, na uwe na ramani, maana majirani wanafanana. Ukiitazama Jumapili usiku kisha ukarudi Jumamosi usiku, itakuwa imemaliza mzunguko mzima kumzunguka mwenziwe, huku upepo wake ukiendelea kutumbukia.